Msitu Uliorejea Kondoa na Hesabu ya Kaboni kwa Mfugaji

Mche unaopandwa Kizota, magharibi mwa Jiji la Dodoma, hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, kisha hukabiliwa na kiangazi cha zaidi ya miezi sita. Mjini, mwenye nyumba anaweza kuumwagilia kwa ndoo. Katika malisho yaliyochakaa nje ya jiji hilo haliwezekani, na ni huko ambako Mkoa wa Dodoma una uzoefu wake, uliopatikana Kondoa.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Miaka ya mwanzo ilitumika kujenga makinga maji kwa matrekta na kupanda miti, lakini mmomonyoko uliendelea kwa kuwa mifugo ilibaki palepale. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirejea ndani ya misimu michache, vikafuata vichaka, na hatimaye miti ya miombo kwenye miteremko ya milima ya Irangi.

Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mti wa miombo ukikatwa, mizizi hubaki hai ardhini na kuchipua tena. Kinachouzuia kukua ni meno ya mbuzi, moto na shoka. Mbinu ya Kisiki Hai, inayoenezwa na shirika la LEAD Foundation mkoani Dodoma, hutumia uwezo huohuo: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huyawekea alama na kuyalinda. Miti hiyo ya asili huwapa nyuki maua na ndege mahali pa kutagia. Wanyama wakubwa ni suala jingine, kwani huhitaji pia maji na mapito yasiyozibwa na mashamba.

Kuhusu kaboni, kila tani moja inayohifadhiwa katika mti ni sawa na takriban tani 3.67 za hewa ya ukaa iliyoondolewa angani. Kinachouzwa sokoni ni ongezeko linalotokana na mradi. Msitu uliokuwapo awali wenyewe si ongezeko. Katika nyanda kame ongezeko hilo huja polepole, ilhali mfugaji hupoteza malisho tangu siku ya kwanza.

Kondoa ililionja hilo. Amri ya 1979 iliziondolea kaya maziwa, samadi na akiba yao iliyotembea kwa miguu minne. Ufugaji wa ndani, wa ng'ombe wachache wanaokatiwa majani, uliingizwa miaka takriban kumi baadaye. Ardhi ilipona, lakini gharama ilibebwa na wenye mifugo.

Leo biashara ya kaboni nchini inaongozwa na kanuni za mwaka 2022, na uratibu wa kitaalamu unafanywa na Kituo cha Kitaifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kijiji kinacholetewa mkataba kinapaswa kujua, kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha, unadumu miaka mingapi, malipo ya kwanza yanaingia lini na kwa nani, na mifugo italishwa wapi mwaka wa ukame.