Tusiikimbie Hofu ya Timu Yetu

Mpenzi wa kandanda aliyejifunga na timu ndogo hana usingizi mtamu. Mchezo wa mchujo unapokaribia, matumaini na hofu humwingia kwa mlango mmoja. Asubuhi huwaambia wenzake sokoni kwamba safari hii ushindi ni wetu. Jioni, akiwa peke yake, huanza kuhesabu njia zote ambazo ushindi huo unaweza kupotea.

Sisi wananchi wa Nachingwea na Ruangwa tunaijua hali hiyo. Mwezi Februari 2021, Namungo, timu ya jirani zetu wa Ruangwa ambayo nasi tunaihesabu kuwa yetu, ilikutana na Primeiro de Agosto ya Angola katika mchujo wa kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mchezo uliopangwa kufanyika Luanda haukuchezwa kutokana na mvutano juu ya vipimo vya korona, na hatimaye michezo yote miwili ikachezwa Dar es Salaam. Katika mchezo wa kwanza Namungo ilishinda kwa mabao 6 kwa 2.

Mtu asiyeujua ushabiki angedhani kwamba mwenye kutangulia kwa mabao manne hulala salama. Haikuwa hivyo. Siku zile chache za kungojea marudiano zilikuwa ndefu kuliko msimu mzima. Wageni wale hawakuwa wa kudharauliwa, kwani mwaka 2018 walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakati Namungo iliingia Ligi Kuu mwaka 2019 tu. Na kweli, katika marudiano tulifungwa mabao 3 kwa 1. Kila bao lao lilitupunguzia pumzi. Hata hivyo, kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, timu yetu ilivuka. Huko kwenye makundi ilipoteza michezo yote sita.

Hofu yetu ina mizizi ya zamani kuliko kandanda. Wazee wetu waliuona mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Mapori yalifyekwa, matrekta yakaletwa, reli ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Watu waliokwisha kuona treni ikija kisha ikaondoka hawawezi kulaumiwa wakiitazama furaha kwa jicho la mashaka.

Lakini mashaka hayo yana hatari yake, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Wapo miongoni mwetu wanaoikimbia hofu kwa kuhamia kwenye timu kubwa. Tarehe 2 Agosti 2020, Namungo ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1, wako wenyeji wa huku huku walioshangilia. Hatuwagombezi. Simba na Yanga ni timu za Watanzania wote, na mapenzi hayalazimishwi. Tunachosema ni kwamba anayeshangilia mwenye nguvu kwa sababu tu ni mwenye nguvu hununua furaha kwa bei rahisi. Mabao yale 6 ya Februari 2021 hayakuweza kuwa matamu kwake kama yalivyokuwa kwa yule aliyekaa na redio sikioni, akitetemeka hadi filimbi ya mwisho.

Hofu, basi, si aibu. Mtu haogopi kupoteza kitu kisicho chake. Aibu ni kuiacha hofu itutume vibaya: kumtukana mwamuzi, kumzomea kijana wetu aliyekosa penalti, au kupeleka kwa waganga fedha ambazo zingenunua viatu vya wachezaji. Mtume alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kumfunga ngamia wetu ni kulipa kiingilio hata timu inapoburura mkia, kuvitunza viwanja vya shule zetu wasipandwe mihogo, na kuwapa watoto mpira wa kweli badala ya ule wa matambara.

Msimu hata msimu, siku za mchujo zitarudi, ama wa kuwania kombe ama wa kuwania kubaki katika ligi. Tutaogopa tena. Hapana budi tuogope tukiwa uwanjani, kwenye viti vyetu, na wachezaji wetu watuone.