Mabaharia wa Naili Waitwaje?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Adams Arcade, kando ya barabara ya Ngong, nikingojea matatu. Nilikuwa nimetoka Kibra harusini kwa Wanubi, Waislamu wenzetu ambao wazee wao walikuwa askari waliotoka Sudan. Ngoma ya doluka ilikuwa bado masikioni. Mara redio ya duka moja ikapiga piano, na mtangazaji akalitaja jina la Camille Saint-Saëns.

Mfaransa huyu, ndugu msomaji, si mgeni kwetu kama unavyodhani. Alizaliwa Paris mwaka 1835. Alipokuwa na miaka 10 alipiga piano hadharani katika ukumbi wa Pleyel. Ukubwani aliuzoea upande wetu wa dunia: Algeria, iliyokuwa chini ya Wafaransa wenzake, na Misri. Mwaka 1878 alifiwa na wanawe wawili kwa majuma machache tu, na safari zake zikazidi. Mwaka 1891 alimaliza kutunga muziki aliouita "Africa".

Mwaka 1896, akiwa Luxor, alitunga muziki mwingine wa piano na okestra, ujulikanao kama "Wa Kimisri". Ndani yake alitia wimbo wa mapenzi wa Kinubi aliousikia kwa mabaharia wa mto Naili. Mwaka huo huo aliupiga mwenyewe katika ukumbi ule ule wa Pleyel. Alifia Algiers, Desemba 1921.

Nilimsimulia hayo mzee wa Kinubi tuliyetoka naye harusini. Akaniuliza, "Na hao mabaharia waitwaje, mwanangu?"

Nilinyamaza. Mfaransa alikiri kwamba wimbo ni wa Kinubi, lakini jina lililobaki ni lake peke yake.

Nasi wa pwani tu vivyo hivyo. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na jina lake lipo hata leo. Lakini babu yangu, aliyekuwa baharia, alikuwa na wimbo wa kutwekea tanga. Ninaujua wote. Aliyeutunga simjui, kwa kuwa sikumwuliza babu alipokuwa hai.

"Na ule wa leo wa bibi harusi, mzee, ni wa nani?" nikauliza.

Akataja wanawake watatu, mmoja amekwisha fariki. Matatu ilipofika, majina yao yote nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kadi ya mwaliko.