Sanduku la dawa lililompotea Livingstone

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KATIKA karne ya 19, msafiri aliyevuka uwanda wa kati aliiweka mali yake mikononi mwa wapagazi. Mpagazi akitoroka, mzigo ulikwenda naye. Ndivyo ilivyomfika Dk. David Livingstone, mmisionari kutoka Scotland.

Januari 20, 1867, katika eneo ambalo sasa ni kaskazini mwa Zambia, wapagazi wake wawili walitoroka na sanduku la dawa. Asubuhi hiyo mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na mwenzao aliyeaminika, na mvua ikafuta nyayo zao. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kwinini, tegemeo lake dhidi ya malaria. Halikupatikana tena.

Alipofika Ujiji Machi 1869 akiwa mgonjwa sana, alikuta sehemu kubwa ya mali aliyotumiwa imeibwa. Msaada ulimfikia mwaka 1871 kwa mkono wa Henry Morton Stanley, na wawili hao walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora, hadi Machi 1872. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kukosa sanduku lile pekee ndiko kulikomuua, ingawa miaka ya kukosa dawa ilimdhoofisha.

Livingstone alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Safari hii masanduku yake hayakupotea. Chuma na Susi waliyafungua mbele ya wenzao wote, naye Jacob Wainwright akaorodhesha yaliyomo, ili asije mtu akashutumiwa. Moyo ulizikwa hapo, na mwili ukakaushwa juani tayari kwa safari.

Huko Kwihara, Luteni Cameron wa Uingereza alichukua baadhi ya vyombo vya upimaji. Mbele yake, Kasekera, wapagazi walipata habari kwamba maiti ingezuiwa. Wakaufunga mwili mfano wa mtumba wa nguo, kisha wakarudisha Unyanyembe furushi la mabua ya mtama kana kwamba ndiyo maiti.

Kati yao na pwani ulibaki uwanda wa kati, ambako njia kuu ya misafara ilipita Ugogo, Dodoma ya leo, na watemi walitoza hongo. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na Livingstone akazikwa London Aprili 18.

Shajara zake zilichapishwa mwaka huo huo. Ndizo zinazosimulia hadi leo habari za sanduku moja ambalo halikurudi.