Goti Linaloruhusiwa Singapore

Mapambano makubwa ya UFC mara nyingi huanza Jumapili alfajiri kwa saa zetu, wakati matrela yaliyolala kando ya barabara ya Mombasa hapa Maungu yanapoanza kunguruma. Hapo kibanda changu hujaa: madereva wanaoelekea Kampala, matanboi wao, vijana wa bodaboda, walinzi waliotoka zamu ya usiku. Mpira naonyesha pia, lakini mpira haunipi kazi. Ofsaidi kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. MMA, mapigano haya ya kuchanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, ndiyo inayonitoa jasho, kwa sababu lazima mtu aulize: "Bosi, mbona Ijumaa yule alipigwa goti la kichwa akiwa chini na refa akanyamaza, na leo refa anasimamisha pambano?"

Ijumaa nilikuwa nimeweka ONE, kampuni ya Singapore. Leo ni UFC, ya Marekani.

MMA haina FIFA yake. Hakuna chombo kimoja kinachomwamuru kila mwandaaji afuate kitabu kimoja. Marekani zipo sheria za pamoja ambazo kamisheni za majimbo husimamia, na UFC hupigana chini yake: aliyeanguka huruhusiwi kumpiga kichwa kwa goti wala teke. Kule ONE, iliyoanza mwaka 2011, goti la kichwa kwa aliye chini ni halali kabisa. Hata ushindi unahesabiwa tofauti. UFC majaji hutoa alama kila raundi, kumi kwa mshindi. Wa ONE hutazama pambano zima kisha huamua nani alikuwa karibu zaidi kulimaliza. Mimi binafsi huo mtindo wa pili sijaupenda. Huzaa ubishi, na ubishi kibandani kwangu huisha kwa soda kumwagika.

Mtu wa kumtazama ili uelewe jambo hili ni Demetrious Johnson, Mmarekani mfupi, mwepesi kama sungura. Alishikilia mkanda wa UFC wa uzani wa fly na kuutetea mara 11 mfululizo, rekodi ya kampuni hiyo. Agosti 2018 akaupoteza kwa Henry Cejudo. Miezi miwili baadaye yakafanyika mambo ambayo mchezo huu haukuwa umeyaona: UFC na ONE wakabadilishana wapiganaji, Johnson akaenda Singapore na Ben Askren wa ONE akaenda Marekani.

Kitu cha kwanza kilichobadilika kilikuwa mizani. UFC uzani wa fly ni kilo 56.7. ONE uzani wenye jina hilo hilo unafika kilo 61.2, kwa sababu kule mpiganaji hupimwa mkojo kuhakikisha hajajikausha maji ili apungue kilo kwa siku moja. Kanuni hiyo ililetwa baada ya mpiganaji wao kutoka China, Yang Jian Bing, kufariki Desemba 2015 akiwa katika harakati za kupunguza uzito. Hapo ONE naiunga mkono bila kusita. Lakini kwa Johnson maana yake ilikuwa kukutana na watu wakubwa kuliko wale aliowazoea.

Hata hivyo alianza vizuri, na Oktoba 2019 akatwaa taji la mashindano yao jijini Tokyo. Kisha ikafika Aprili 2021, pambano la mkanda dhidi ya Adriano Moraes wa Brazil. Marudio yake nimeyaonyesha hapa kwa kusimamisha picha, maana ni darasa. Raundi ya pili Moraes anampiga ngumi ya kutoka chini, Johnson anaanguka. Anajaribu kuinuka huku mwili bado uko chini. Marekani, hapo mpinzani angelazimika kutumia ngumi au viwiko, na Johnson angekuwa na nafasi ya kujikinga na kutafuta miguu. Moraes hakutafuta ngumi. Alileta goti moja kwa moja usoni, na pambano likaisha. Ilikuwa mara ya kwanza Johnson kumalizwa namna ile.

Watu husema alionewa. Hakuonewa; alizijua sheria na alikuwa amesaini. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba karatasi mtu huisoma kwa dakika kumi, ila mwili umefundishwa miaka kumi namna ya kuamka kutoka sakafuni, na ukishapigwa hadi kizunguzungu ni mwili unaoamua. Johnson alijifunza. Agosti 2022 walirudiana, akammaliza Moraes katika raundi ya nne, tena kwa goti, la kuruka. Mei 2023 akamshinda tena kwa uamuzi wa majaji.

Usiku ule ule wa Aprili 2021, Mmarekani mwingine aliyehamia ONE, Eddie Alvarez, bingwa wa zamani wa UFC, alitolewa kwa kadi nyekundu raundi ya kwanza kwa kupiga kisogo. Kisogo ni marufuku kote kote. Ila marefa wa Marekani mara nyingi huonya kwanza, kisha hukata alama. Kule alikutana na mkono mzito zaidi. Baadaye matokeo yalibadilishwa, pambano likahesabiwa halina mshindi.

Wazee huniambia haya ya kubadilishiwa sheria ni mambo ya Wazungu. Nawajibu kwamba Mkenya aliyapitia kabla MMA haijajulikana. Bondia Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, uzani wa welter, kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Ndondi zile za ridhaa zilikuwa raundi tatu za dakika tatu, kichwani kofia ya kinga. Kisha akaenda Marekani kupigana za kulipwa: hakuna kofia, raundi zinafika 12. Julai 1994 huko Las Vegas, alipokuwa akipigana na David Gonzalez, refa alisimamisha pambano raundi ya tisa. Wangila alipinga, alitaka kuendelea. Alizimia chumba cha kubadilishia nguo na hakuamka tena. Alifariki akiwa na miaka 26. Sisemi sheria ndizo zilizomuua. Nasema tu kwamba kufika raundi ya tisa ni kupitisha dakika 24 za mapigano, wakati kule Seoul kazi nzima ilikuwa dakika tisa.

Kwa nini basi wapiganaji wanahama? Pesa, na uhuru. Francis Ngannou wa Cameroon aliondoka UFC Januari 2023 akiwa bado bingwa, akasaini na kampuni nyingine, PFL, akapata ruhusa ya kupigana ndondi pia, na Oktoba mwaka huo akamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu kule Riyadh ingawa majaji walimpa Fury. PFL nao walikuwa na sheria zao: mashindano ya msimu waliyaendesha kwa pointi kama ligi, tatu za ushindi, na tatu za nyongeza ukimaliza kazi raundi ya kwanza, na viwiko wakavipiga marufuku. Mpiganaji mpole hapo alijikuta lazima awe na haraka.

Na wakati mwingine huhami popote, sheria ndiyo inayokuhama. Desemba 2009 huko UFC Jon Jones alitolewa kwa kumshushia Matt Hamill kiwiko cha wima, kutoka juu kwenda chini, katika pambano alilokuwa akilishinda waziwazi. Novemba 2024 kiwiko hicho kikahalalishwa Marekani. Dereva mmoja wa lori la saruji aliposikia hivyo alitaka kujua kama Jones sasa atafutiwa kile kipigo. Nilimwambia mwaka 2009 kilikuwa kosa, na refa alitumia kitabu cha mwaka 2009. Hakuridhika. Alilipa chai yake na kuondoka akisema huyo refa alipaswa kusubiri.