Mali Bila Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia dukani na katika vyama vya ushirika. Leo tunapenda kuitumia kwa mali isiyo na mwenyewe: ndege wa ufukweni wanaohama kila mwaka kutoka kaskazini ya dunia.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Hapo mlangoni, maji yakupwapo, huacha tope pana kando ya mikoko, na vitwitwi hushuka kutafuta minyoo na kaa wadogo. Miongoni mwao wamo wenye mdomo uliopinda, waliozaliwa Siberia; mmoja hafikii uzito wa gramu mia. Huanza kufika mwezi wa Agosti, na wengi huwa wamekwisha kuondoka kabla ya Juni.

Sensa ya ndege wa majini hufanywa barani Afrika kila Januari tangu mwaka 1991, na nguzo yake ni watu wa kujitolea, wenye darubini na daftari. Pwani, husubiri maji yajae, kwa kuwa tope likifunikwa ndege waliotawanyika hukusanyika mahali pakavu, wakahesabika. Asiyeona ndege huandika sifuri, na sifuri hiyo nayo ni habari.

Kazi hii si mchezo. Chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, ardhi oevu inayohifadhi kwa kawaida ndege wa majini 20,000, au asilimia moja ya ndege wote wa jamii fulani, yastahili kutambuliwa na dunia nzima. Nani ataijua asilimia moja bila kuhesabu? Tena, Oktoba 2024 aina 16 za ndege wa ufukweni zilipandishwa daraja la hatari katika orodha ya IUCN, akiwemo kitwitwi yule wa Siberia. Upungufu huo ulifahamika kwa sababu watu walihesabu miaka mingi, mahali pale pale.

Msomaji wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, aweza kuuliza: ya Msimbazi yananihusu nini? Yanamhusu. Kitwitwi atikisaye mkia juu ya jiwe la Msimbazi ni wa jamii ile ile itembeayo kando ya Ziwa Burigi na katika fukwe za Bumbire. Wenyeji wa visiwa, ambao mitumbwi yao hutia nanga mapema alfajiri, huwaona ndege hao kabla ya mtaalamu yeyote. Kinachokosekana ni daftari tu.

Kwa viongozi tuna neno moja. Mwaka 2022 Serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya bonde hilo yamepoteza maisha ya watu, na hakuna mwenye akili atakayepinga kuyazuia. Lakini mhandisi hupima maji kabla ya kujenga na baada ya kujenga. Ndege nao wahesabiwe vivyo hivyo, ili tujue tulichokipata na tulichokipoteza.

Yafaa basi kila ofisi ya maliasili ya wilaya, ya bara na ya visiwani, ifungue jalada la hesabu hizi, iwaalike walimu, wanafunzi na wavuvi, na kuwarudishia matokeo. Gharama yake ni siku moja ya Januari na mtumbwi mmoja. Mwananchi aliyejitolea kusimama topeni asiambiwe kwamba karatasi yake imepotea kabatini.