Hadithi ya mwingine: kusoma riwaya pamoja na vijana waliopita katika vita

Miaka michache iliyopita, katika kikao cha vijana hapa Kpandroma, nilimwomba kijana mmoja atoe ushuhuda wa namna Mungu alivyomwokoa usiku ule nyumba za kijiji chao zilipochomwa. Nilidhani namsaidia. Alisimama, akashika benchi ya mbele, akatazama chini, kisha akatoka nje. Miezi miwili hatukumwona kanisani. Mama yake aliponijia hakukasirika, alisema tu: "Pasta, ulimrudisha kule."

Watoto waliokuwa na miaka 5 au 6 vita vilipoanza tena Djugu mnamo Desemba 2017 sasa wako sekondari. Wazazi wao wengi walikuwa watoto katika vita vya 1999 hadi 2003. Kijana anashtuka pikipiki ikipiga mlio, anakasirika bila sababu, hasikii mwalimu anachosema, halali usiku. Sisi tunasema ana kichwa kigumu. Nyakati nyingine tumekemea pepo pale palipokuwa na hofu tu.

Tangu siku ile nimejifunza njia nyingine: kumsomea kijana hadithi ya mwingine. Nilianza na Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2016. Mwaka huo huo wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa waliipa tuzo yao, Goncourt des lycéens. Inasimulia juu ya Gaby, mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, tangu kabla Rais Ndadaye hajauawa Oktoba 1993. Lakini kwangu mimi kiini chake si mauaji yenyewe. Ni yale yanayofuata nyumbani. Mama anakwenda Rwanda baada ya mauaji ya 1994 kutafuta jamaa zake. Anayerudi ni mwili tu. Usiku anamwamsha Ana, binti yake mdogo, na kumsimulia aliyoyaona. Ana anaanza kuchora miji inayowaka moto. Gaby naye anajificha katika vitabu anavyopewa na mama jirani, Mgiriki. Nyumba moja, jeraha moja, na kila mtu na njia yake.

Kwa nini hadithi ifanye kazi ambayo ushuhuda haukufanya? Tumtazame Yusufu, aliyekuwa kijana wa miaka 17. Huko Misri alifanikiwa, akaoa, akamwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake. Wahubiri wengi wangefunga mahubiri hapo. Lakini katika Mwanzo 42 ndugu zake, bila kujua kwamba anaelewa lugha yao, wanazungumza juu ya yule mdogo wao aliyewasihi wasimsikie. Yusufu anaondoka mbele yao, analia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alisikia habari yake katika vinywa vya wengine, akapata mahali pa kulia pasipo macho ya watu. Riwaya inampa kijana nafasi hiyo: analia kwa ajili ya Ana, na sisi hatumwulizi analia kwa ajili ya nani.

Najua wazee wengine watasema hizi ni hadithi za kubuniwa. Ndiyo. Na yule mwana mpotevu, nani aliwahi kuuliza jina la kijiji chake?

Kwetu kitabu kimoja kinatosha. Mwalimu anakisoma chote kwanza, anachagua kipande, anakisoma kwa Kifaransa na kukieleza kwa Kiswahili. Kuna ukurasa wa mtu anayechomwa ndani ya teksi. Huo niliuacha, na ningeuacha tena. Mlango unabaki wazi. Anayetoka, mmoja anamfuata na kukaa naye bila maswali. Hatumalizi kwa kuuliza "na wewe je?" Tena kitabu si dawa ya kila kitu: kijana asiyelala kwa majuma, au anayesema heri afe, apelekwe kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo, na mchungaji aende naye.

Yule kijana alirudi tulipokuwa tumefika kwenye habari za Ana. Alikaa karibu na mlango. Mwishoni akauliza: "Kwa nini yule mama hakumwambia mtu mkubwa?" Nilifungua kinywa nimjibu kwa mstari wa Biblia, mke wangu, aliyekaa nyuma, akanitikisia kichwa, nikanyamaza. Juma lililofuata alikuja pamoja na mama yake.