SIMU YAKO NA PROGRAMU HURIA



Huko Juba, tangu mwaka 2019 watu hutumiana fedha kwa simu kupitia m-GURUSH. Basi simu si anasa tena. Ni mfuko wa mshahara. Yatupasa kujua nani ameshika funguo za mfuko huo.

Simu janja nyingi hutumia Android, iliyojengwa juu ya Linux, kazi aliyoianza mwanafunzi Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991. Linux ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wenzake. Maelfu ya mafundi wameijenga kwa pamoja.

Lakini tusidanganyike. Juu ya msingi huo makampuni huweka programu zao zilizofungwa. Baada ya miaka michache huacha kuzirekebisha simu walizotuuzia. Matundu hayazibwi, wezi huingia, nasi twaambiwa tununue nyingine.

Hapo ndipo uwazi hutufaa. Tangu mwaka 2016 mafundi wa kujitolea hutoa LineageOS, itokanayo na Android, ambayo huzipa simu kadhaa za zamani uhai mpya. Si kila simu huikubali, na baadhi ya programu za benki huikataa. Tena kazi hiyo hufuta vyote vilivyomo. Nakilini kwanza majina na picha.

Kwa hiyo kabla ya kununua tuulize: itarekebishwa kwa miaka mingapi? Fundi wetu aweza kuifungua? Mfanyakazi anayeuliza hanyonywi kwa urahisi.